Kamshafti ya Stoki Si Ushamba

Kuna msemo mmoja unanikera sana kwa hii dunia ya magari ya zamani: "Beetle ni Beetle, zote ni moja." Halafu kuna mwenzake, huu ni wa rika letu: "Stoki ni ya wazee." Ukiichanganya hiyo misemo miwili unapata kijana aliyemaliza akiba yake kwa chuma ambacho hajui kinafanya nini, na gari lililorudi kulala chini ya turubai. Leo nataka kuipinga yote miwili, na nitatumia kipande kimoja tu cha injini. Kinaitwa kamshafti.

Najua kuna wenye wamesoma hilo neno wakataka kutoroka. Tulieni. Hesabu iliyoko hapa ni ya darasa la sita, na hayo mengine yote mnayajua tayari kwa sababu mnapanda matatu.

Injini ya Volkswagen Beetle ina silinda nne zilizolala chali, mbili kulia na mbili kushoto. Inapozwa kwa hewa, kwa hivyo hakuna rejeta na hakuna maji ya kuongeza njiani. Kila silinda ina vali mbili: moja ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya kutoa moshi. Sasa, vali haijifungui yenyewe. Ndani kabisa ya injini, chini ya krenki, kuna fimbo fupi ya chuma yenye nundu. Hiyo ndiyo kamshafti. Ikizunguka, nundu inainua tapeti, tapeti inasukuma fimbo nyembamba, hiyo fimbo inasukuma roka, na roka inafungua vali. Nundu ikipita, springi inaifunga tena. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja.

Kwa lugha ya stage: silinda ni matatu, hewa ni abiria, vali ni mlango, na kamshafti ni makanga. Yeye ndiye anaamua mlango ufunguliwe saa ngapi na ufungwe saa ngapi.

Fikiria sasa. Gari likienda mbio, abiria nao wanakimbia. Makanga mjanja hafungi mlango mapema, kwa sababu kuna watu watatu nyuma wanaokuja kwa kasi na watadandia hata kama gari limeshaanza kuondoka. Hewa nayo iko hivyo. Injini ikizunguka haraka, hewa inaingia kwa msukumo wake yenyewe, na ukichelewa kufunga vali inazidi kuingia hata pistoni ikiwa imeanza kurudi. Lakini injini ikizunguka pole pole, hiyo hewa haina msukumo. Ukiacha mlango wazi muda mrefu, pistoni inaisukuma nje tena. Abiria walioingia wanamwagika barabarani.

Ukielewa hapo, umeelewa kamshafti zote duniani. Kamshafti inayofungua mlango muda mrefu inakupa nguvu juu, injini ikiwa inalia. Ile inayofunga mapema inakupa nguvu chini, ukiwa unapanda mlima na gia ya tatu na watu wanne ndani. Fimbo moja haiwezi kukupa zote mbili kwa ukamilifu. Lazima uchague, na ukichagua unalipa upande ule mwingine.

Mimi haya mambo niliyajua kwa sababu ya Beetle ya guka.

Ni 1300 ya mwaka 1967. Kwenye injini, pale chini ya kiti cha jenereta, namba inaanza na herufi F, na hiyo F ndiyo alama ya injini za 1300 za miaka ile. Guka aliinunua ikiwa imeshatumika, akawapeleka nayo watoto wake shule, akabeba nayo viazi kutoka Kinangop, na siku macho yalipokataa akaiegesha Ruiru, nyuma ya nyumba yetu. Ikakaa. Mathe alivumilia miaka kadhaa, halafu mwaka jana akasema mbele ya kila mtu: ikifika Desemba na hiyo gari bado haitembei, anawaita watu wa vyuma kuukuu. Hakuwa anatisha. Kuna karo ya ndugu yangu na ile nafasi anataka kujenga chumba cha kupangisha. Guka hakujibu. Aliuliza tu kama kuna mtu angeweza kumpeleka Kinangop nayo mara moja kabla haijaenda.

Mimi nilikuwa na Sh70,000 nilizokusanya kwa kuediti video za harusi. Nikasema naichukua.

Gari liliwaka, hiyo si shida. Shida ni kwamba halikuwa na nguvu, na kila ukikanyaga mafuta lilikuwa linapiga chafya kupitia kabureta. Puh, puh, puh. Fundi wetu, mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries ambaye ameshika hizi injini tangu akiwa kijana, alitoa vifuniko vya vali, akaniambia nizungushe injini na mkono huku yeye akipima kila roka inavyosogea. Vali ya moshi ya silinda ya kwanza ilikuwa inafunguka kidogo sana. Ya silinda ya tatu nayo hivyo hivyo. Hizo nyingine zilikuwa sawa.

"Umeona?" akaniuliza. "Moja na tatu zinaangaliana. Wanakula sahani moja."

Hapo ndipo nilijifunza kitu kizuri kuhusu hii injini. Ina vali nane, lakini kamshafti yake ina nundu nne tu. Kila nundu moja inahudumia silinda mbili zinazotazamana, moja kulia na moja kushoto. Kwa hivyo nundu moja ikilika, unapoteza silinda mbili kwa mpigo. Moshi ukikosa njia ya kutoka, unarudi kupitia mlango wa kuingilia, na hiyo ndiyo chafya tuliyokuwa tunasikia kwenye kabureta. Kamshafti ya guka ilikuwa imelika nundu moja, ile ya moshi ya silinda ya kwanza na ya tatu.

Na kwa Beetle huwezi kubadilisha kamshafti ukiwa umeinama kando ya barabara. Lazima injini ishuke, halafu kasha lake lipasuliwe katikati kama ganda la njugu. Ukishalifunga tena na kuirudisha injini garini, umeolewa na hiyo kamshafti. Kwa hivyo tulikuwa na nafasi moja ya kuchagua na pesa ya kuchagua mara moja.

Wiki hiyo tukawa na kamshafti tatu za kufikiria.

Ya kwanza ilikuwa kwa duka moja la spea Kirinyaga Road. Muuzaji alitoa kamshafti iliyotumika, safi, bei nzuri, akaniambia ni ya Beetle. Nikamuuliza ni ya Beetle gani. Akacheka. "Siste, Beetle ni Beetle, zote ni moja." Nikaipiga picha mbele na nyuma, nikamtumia fundi kabla sijatoa hata shilingi. Akanipigia hapo hapo. "Hesabu ribiti kwenye gia." Nikahesabu nne. "Gia imebonyea katikati kama sahani, ama ni bapa?" Imebonyea. "Rudisha. Hiyo ni ya mtoto, sisi tuna ya baba yake."

Maana yake ni hii. Kamshafti za zamani za Beetle zilikuwa na gia bapa iliyofungwa kwa ribiti tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, VW walibadilisha wakaweka gia iliyobonyea yenye ribiti nne. Na kwa sababu pampu ya oili inaendeshwa na mwisho wa kamshafti, pampu nayo ikabadilika. Ukichukua kamshafti ya kizazi kimoja na pampu ya kizazi kingine, hazikai pamoja: unaweza kupata pampu inagusa gia, au ulimi wake haushiki vizuri. Pampu isiposhika, oili haizunguki, na injini ya kupozwa kwa hewa isiyo na oili inakufa haraka kuliko bando ya usiku. Zote mbili ni stoki. Zote mbili zimetoka kiwandani Ujerumani. Lakini si moja.

Na hiyo si tofauti pekee. Beetle za mwanzo hazikuwa hata na beringi za kamshafti. Fimbo ilizunguka moja kwa moja ndani ya kasha la magnesi. Beringi za kubadilisha zilikuja katikati ya miaka ya 1960, wakati wa injini ya 1300. Gia zenyewe pia huwa na namba nyuma, 0, +1, -1 na kuendelea, kuonyesha kama ni nene kidogo au nyembamba kidogo, ndio fundi achague ile itakayokaa vizuri na gia ya krenki bila kulia wala kuchezacheza. Ukienda mbele kabisa, ile Beetle ya Mexico iliyoanza kutumia sindano za petroli mwaka 1993 ilikuja na tapeti zinazojirekebisha zenyewe kwa oili. Hiyo ya Mexico ilitengenezwa mpaka Julai 2003, wengi wenu mkiwa mmezaliwa au mko njiani. Kutoka guka mpaka hapo ni injini ya ukoo mmoja, lakini ukoo una watu wengi.

Kamshafti ya pili ilitoka kwa binamu yangu. Yeye ni mtu wa magari ya kelele, na nampenda, lakini alikuja na simu mkononi kama mhubiri. Alikuwa amepata kamshafti ya mashindano kutoka ng'ambo, ile inayoacha vali wazi muda mrefu na kuziinua juu zaidi. "Weka hii," akaniambia, "guka ataenda Kinangop akiwa Safari Rally. Stoki ni ya wazee."

Nikamwambia gari ni la mzee.

Akanijibu na hoja ambayo, kusema kweli, ni nzuri. Akasema angalia Porsche. Na yuko sawa, hebu tuangalie. Kati ya 1969 na 1971, Porsche waliuza 911 ya injini ya lita 2.2 kwa sura tatu: T, E na S. Zote zinapozwa kwa hewa, zote zina ujazo wa cc 2,195. Lakini T ilitoa nguvu za farasi 125, E ikatoa 155, na S ikatoa 180. Injini moja, tabia tatu, na kila moja ilikuwa na kamshafti zake. Binamu akaniangalia kama amemaliza kesi. "Umeona? Badilisha kamshafti, pata farasi."

Lakini soma mpaka mwisho wa mstari. T ilifikia nguvu yake ya juu kwa mizunguko 5,800 kwa dakika, E kwa 6,200, S kwa 6,500. Ile nguvu ya kuvuta, ile unaisikia mgongoni ukitoka kwa stage, T iliifikia kwa mizunguko 4,200, na S ikangoja mpaka 5,200. Yaani mwenye S alikuwa na farasi wengi, lakini walikuwa wamelala juu ghorofani na lazima apande ngazi kuwaamsha. Pia Porsche hawakubadilisha kamshafti wakaenda nyumbani. S ilibanwa zaidi kwenye silinda, 9.8 kwa 1 dhidi ya 8.6 kwa 1 ya T, na ikalishwa kwa sindano za petroli huku T ikitumia kabureta. Kamshafti ilikuwa sehemu ya mpango mzima.

Sasa linganisha na VW. Hapa ndipo mimi mwenyewe nilishangaa. Kwa vitabu vya karakana, vipimo vikichukuliwa na nafasi ya milimita 1 kwenye vali, Beetle za zamani za miaka ya 1950 zilifungua vali ya kuingiza nyuzi 2.5 kabla pistoni haijafika juu, zikaifunga nyuzi 37.5 baada ya pistoni kufika chini. Za 1300, 1500 na 1600 zinafungua nyuzi 7.5 kabla, zinafunga nyuzi 37 baada. Vali ya moshi ya hizi za baadaye inafunguka nyuzi 44.5 kabla ya pistoni kufika chini na inafungwa nyuzi 4 baada ya kufika juu; zile za zamani ni 37.5 na 2.5.

Piga hesabu. Mlango wa kuingilia ulikuwa wazi kwa nyuzi 220, ukawa 224.5. Wa kutokea ulikuwa 220, ukawa 228.5. Ule muda milango yote miwili iko wazi pamoja, abiria wanashuka na wengine wanapanda, ulikuwa nyuzi 5, ukawa 11.5. Miaka yote hiyo, na mabadiliko ni madogo hivyo! Tena angalia: 1300, 1500 na 1600 zinatumia vipimo hivyo hivyo, lakini 1300 ilitoa farasi 40, 1500 ikatoa 44, na 1600 yenye njia mbili za hewa kila upande ikatoa 50. Zote tatu kwa mizunguko 4,000 tu. Nguvu iliongezeka kwa kupanua silinda na kurahisisha kupumua. Makanga alibaki yule yule.

Kwa nini? Kwa sababu VW na Porsche waliulizwa maswali tofauti. Mnunuzi wa 911 S alitaka kukimbia. Mnunuzi wa Beetle alitaka gari ambalo kasi yake ya juu ndiyo kasi yake ya kusafiri, unakanyaga mpaka chini asubuhi na unaachilia jioni. Kabureta moja, bomba jembamba la kupeleka hewa, silinda zilizobanwa kidogo, 7.3 kwa 1 kwa ile 1300. Hiyo injini imenyimwa pumzi kwa makusudi ili isijiue. Ukiipa kamshafti ya mbio bila kubadilisha kabureta, bomba na springi za vali, umemwambia makanga aache mlango wazi kwa matatu ambayo haitakimbia kamwe. Utapoteza abiria wa chini, na wale wa juu hawatakuja.

Na sisi hapa tuna jambo la ziada ambalo wale wanaouza kamshafti ng'ambo hawalifikirii. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Barabara ya Kinangop inapanda tena, Limuru unapita mita 2,000 na bado unaendelea. Injini inaanza safari ikiwa tayari na abiria wachache stage. Huko ndiko unataka mlango ufungwe mapema, wale wachache walioingia wabaki ndani.

Haya yote nilimweleza guka jioni moja, na chati nimechora kwa daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja: "Hiyo ya binamu yako inapanda Kimende na gia gani?"

Binamu hakuwa na jibu. Nikasema pengine ya pili, na injini ikilia.

"Hii yangu ilikuwa inapanda na ya tatu," guka akasema. "Na viazi."

Huyo mzee hajawahi kusikia neno nyuzi za kamshafti, lakini aliuliza swali ambalo kila mtu anafaa kuuliza kabla ya kununua. Hakuuliza ina farasi wangapi. Aliuliza wako wapi.

Kwa hivyo tukachukua ya tatu: kamshafti mpya ya stoki, gia bapa, ribiti tatu, inayolingana na pampu ya kizazi chake. Tukanunua na tapeti nane mpya, kwa sababu tapeti ya zamani imeshalika kwa umbo la nundu ya zamani, na ukiiweka juu ya nundu mpya itailima. Beringi mpya, gasketi, oili. Fundi alipoweka kamshafti alinionyesha alama: kwenye gia ya krenki kuna vidoti viwili, kwenye gia ya kamshafti kuna alama moja, na lazima ile moja ikae katikati ya vile viwili. Ukikosea jino moja, makanga anafungua mlango gari likiwa tayari Githurai. Akaipaka nundu grisi maalum, akafunga kasha, na siku ya kuwasha akanipa kazi ya kukanyaga mafuta: mizunguko karibu 2,000, dakika 20, bila kuiacha ilale chini. Hizo dakika ndizo nundu na tapeti zinazoeana. Ukiiacha inguruma pole pole siku ya kwanza, unaweza kuila nundu mpya kabla hujatoka kwa gereji.

Pesa ilitosha, ikabaki ya petroli. Ile ya binamu ingekula akiba yote kabla fundi hajalipwa, na bado ingedai kabureta mbili.

Tulienda Kinangop wiki ya pili ya Novemba. Guka mbele, mathe na ndugu yangu nyuma, binamu akitufuata na gari lake kwa sababu alitaka kuona tukikwama. Tulipitia Limuru, na pale Kimende malori yalikuwa yamejipanga yakipanda kwa mwendo wa kobe. Niliweka gia ya tatu. Guka alikuwa ameweka mkono juu ya dashibodi kama daktari anayesikiliza kifua. Injini haikulia, haikupiga chafya. Ilivuta tu, pole pole, ile sauti ya cherehani, lori moja, lori la pili, mpaka tukafika Flyover. Mathe hakusema kitu njia nzima, lakini tulipofika Njabini aliuliza bima yake ni pesa ngapi kwa mwaka. Mwenye masikio alisikia.

Chumba cha kupangisha kimeanza kujengwa, upande ule mwingine wa ploti.

Wasee, sijasema kamshafti ya mbio ni mbaya. Kama unajenga gari la kukimbia, una kabureta mbili, vichwa vilivyopanuliwa, springi ngumu, na uko tayari kuishi juu ya mizunguko 4,000, weka. Hiyo ni haki yako na nitakuja kukushangilia. Ninachokataa ni ile dharau kwamba stoki ni kitu uliachiwa kwa sababu hukuwa na doh. VW 1200 ya Tommy Fjastad na Bernhard Schmider ilishinda Safari mwaka 1962, na VW walikuwa wameshashinda 1954 na 1957. Porsche wameleta 911 zao kwa ile Safari ya zamani na farasi wengi zaidi, wakapata nafasi ya pili zaidi ya mara moja, lakini ya kwanza hawakuwahi. Sababu za kushinda mbio ni nyingi na siziweki zote kwa kamshafti. Nasema tu kwamba hapa kwetu barabara imezoea kuuliza swali la guka.

Kwa hivyo kama una ya babu yako chini ya turubai, anza na namba ya injini. F, H, D, AB, AD, kila herufi ina maana yake. Kabla ya kununua kamshafti yoyote, geuza gia uhesabu ribiti, angalia kama ni bapa au imebonyea, uliza pampu yako ni ya kizazi gani. Mtu akikwambia zote ni moja, mshukuru na uondoke. Halafu kaa chini ujiulize hilo gari litapanda wapi, na nani ndani, na mzigo gani. Ukishapata hilo jibu, kamshafti yako tayari unaijua. Waliotangulia waliikata vizuri kuliko tunavyowapa sifa.